Mtoto Analala Wapi? Swali Linalokosekana Kliniki

Usiku mmoja wa mwezi Julai, miaka michache iliyopita, nikiwa zamu katika wodi ya watoto wilayani Karatu, aliletwa mtoto wa kiume wa mwaka mmoja na miezi minane. Kiganja chake cha kulia kilikuwa kimeungua hadi vidoleni. Mama yake alikuwa amembeba mgongoni kwa kitenge na kumfunika blanketi, kwa kuwa baridi ya miezi ile katika nyanda za Karatu haina huruma. Nilipokwisha kumpa mtoto dawa ya maumivu na kuanza kusafisha kidonda, nilimuuliza mama swali ambalo wengi wetu tuvaao koti jeupe tumepata kuliuliza: "Mama, ulikuwa wapi mpaka mtoto akafika kwenye moto?"

Alinitazama, kisha akajibu kwa sauti ya chini: "Nilikuwa nimelala, daktari."

Jibu lile limekaa nami tangu siku hiyo. Ilikuwa saa saba ya usiku. Mama wa watoto wanne, aliyekuwa ametwa shambani, akakama, akapika na kuwalaza wanawe, alikuwa amelala kama walalavyo watu wote saa hiyo. Mtoto aliamka, akajiteremsha kitandani peke yake kwa mara ya kwanza maishani mwake, akajikwaa, akaangukia mkono kwenye makaa yaliyoachwa yapashe nyumba joto. Makaa yenyewe yalikuwa yamefunikwa na majivu, na majivu hayana mwanga wa kumwonya mtoto. Hapakuwa na uzembe hapo. Lakini hapakuwa pia na mtu yeyote, kuanzia kliniki ya wajawazito hadi siku ya chanjo ya mwisho, aliyewahi kumwambia mama yule kwamba usiku kama ule ungefika.

Hoja yangu katika makala haya ni nyepesi kuisema, ingawa si nyepesi kuitekeleza. Sisi wahudumu wa afya tunauliza "ulikuwa wapi?" baada ya ajali, ilhali tulipaswa kuuliza "mtoto analala wapi?" kabla yake. Swali la kwanza humwacha mzazi na aibu, na aibu haijawahi kuponya kidonda. Swali la pili humfungulia mzazi mlango wa kutengeneza nyumba yake mapema, na mara nyingi kwa gharama ndogo au bila gharama yoyote.

Umri wa kupanda na kushuka

Kila mtoto mwenye afya njema hufika siku ya kukishinda kitanda chake. Utafiti wa Shirika la Afya Duniani uliofuatilia watoto wa Ghana, India, Norway, Omani na Marekani ulionesha kwamba watoto huanza kutembea wenyewe wakati wowote kati ya takriban miezi 8 na miezi 18. Baada ya hapo, ngazi, kiti, ndoo iliyopinduliwa na ubavu wa kitanda huwa ni vitu vya kupandwa. Mtoto wa umri huo ana nguvu za kupanda kabla hajawa na akili ya kushuka. Anaona mahali anapotaka kwenda, haoni kimo cha kuanguka. Huo si utundu wala ukaidi wa kutibiwa kwa kiboko. Ni ukuaji, na mzazi anayeuona anapaswa kuufurahia, kisha aangalie upya chumba ambamo mtoto huyo atalala usiku uleule.

Usiku una hatari yake ya pekee. Mchana mtoto ana macho mengi yanayomtazama: mama, bibi, dada, jirani. Usiku macho yote yamefumba. Mtoto wa mwaka mmoja hadi miwili anahitaji kulala kati ya saa 11 na 14 kwa siku, usingizi wa mchana ukiwamo, naye huamka katikati ya usiku mara kadhaa. Kwa hiyo tusijidanganye kwamba uangalizi wa mzazi peke yake unatosha. Chumba chenyewe hakina budi kumlinda mtoto wakati mzazi amelala.

Vitanda vitatu vya wilaya zetu

Ushauri unaochukuliwa mzimamzima kutoka vitabu vya nchi nyingine haumsaidii sana mama wa Karatu au wa Ngorongoro, maana huko huzungumziwa kitanda cha aina moja tu. Kwetu nimeona vya aina tatu, na kila kimoja kina hatari yake.

Cha kwanza ni kitanda cha mtoto chenye vizuizi pande zote. Kinapatikana zaidi mjini Karatu, katika nyumba za watumishi, wafanyabiashara na wafanyakazi wa hoteli za kitalii, na mara nyingi kimechongwa na fundi seremala wa hapahapa. Kitanda hiki ni kizuri kwa mtoto mchanga, ila kina muda wake wa kustaafu. Mtoto akianza kusimama kwa kushikilia vizuizi, godoro lishushwe hadi chaga ya chini kabisa. Akifikia kimo cha takriban sentimita 90, au kizuizi kikifika chini ya usawa wa chuchu zake anaposimama, kitanda hicho kimekwisha kazi. Vivyo hivyo siku anapotia mguu juu ya kizuizi, hata kama kimo hicho hajakifikia. Kuongeza mbao juu ya kizuizi ni kuongeza kimo cha kuanguka. Mito, midoli mikubwa na mablanketi yaliyokunjwa huwa ngazi. Wakati wa kumwagiza fundi, mwambie kwamba nafasi kati ya fito na fito isizidi sentimita 6, ili mwili wa mtoto usipenye na kichwa kikabaki kimenaswa.

Nakiri kwamba nami sikuwa bora kuliko yule mama. Nilipomaliza zamu ile nilirudi nyumbani nikamkuta binti yangu wa miezi 16 amesimama katika kitanda chake, godoro likiwa bado kwenye chaga ya juu kama siku alipozaliwa, na mguu mmoja ukitafuta mahali pa kukanyaga. Nilikuwa nimesoma miaka mingi, na hakuna aliyeniuliza mtoto wangu analala wapi. Tulishusha godoro asubuhi ileile. Miezi michache baadaye tulikiondoa kitanda chote, tukamlaza kwenye godoro chini.

Kitanda cha pili ni kile cha wazazi, ambacho ndicho kitanda cha watoto walio wengi. Mama hulala na mtoto, na mtoto akikua kidogo huwekwa upande wa ukutani asianguke. Hapo pana mtego usioonekana: nafasi kati ya godoro na ukuta. Mtoto akiteleza humo anaweza kunaswa na kukosa pumzi. Ama kitanda kisogezwe kiguse ukuta bila kuacha upenyo, ama kitengwe mbali kabisa na ukuta. Bora zaidi ni kukishusha. Vitanda vyetu vya mbao vina matendegu marefu ili masanduku na magunia yapate nafasi chini. Fundi mwenye msumeno anaweza kuyapunguza matendegu hayo kwa dakika chache, na kuanguka kwa kimo cha goti kukageuka kuwa kujiviringisha tu. Kama sakafu ina baridi, tandika turubai au magunia makavu, juu yake mkeka, kisha godoro. Godoro liinuliwe na kuanikwa kila siku lisishike unyevu. Chandarua kichomekwe chini ya godoro pande zote, hasa kwa familia za bonde la Eyasi na Mang'ola ambako joto na maji ya mifereji ya vitunguu huwapa mbu maskani. Katika nyumba zenye vitanda vya deka, mtoto wa chini ya miaka 6 asilazwe juu, hata akibembeleza namna gani.

Kitanda cha tatu ni kile cha boma la Kimasai: fito na ngozi, ndani ya nyumba ambayo akina mama wameijenga kwa mikono yao. Kitanda hicho ni kifupi, na kwa upande wa kuanguka kina usalama kuliko vitanda vingi vya mjini. Lakini ufupi huohuo unampa mtoto njia rahisi ya kufika motoni, kwa kuwa moto uko hatua mbili tu kutoka alipolala. Hapa anayehitaji kuzungushiwa uzio ni moto, si mtoto. Ukuta mfupi wa mawe na udongo kuzunguka mafiga, unaofika kifuani mwa mtoto anayesimama, hugharimu nguvu za siku moja. Mtoto alale upande wa ndani, mama awe kati yake na moto. Na mlango ufungwe kwa namna ambayo mtu mzima anaweza kuufungua upesi gizani, lakini mkono wa mtoto haufiki. Katika eneo la hifadhi, mtoto anayetoka nje usiku haendi kukutana na baridi peke yake. Fisi na chui nao wako huko.

Ukaguzi wa jioni

Ninawashauri wazazi wazoee ukaguzi mfupi kila jioni, kama mchungaji anavyohesabu mifugo kabla ya kufunga zizi. Piga magoti, uwe kimo cha mtoto wako, kisha tazama chumba kwa macho yake.

Tazama moto kwanza. Jiko la mkaa lisiingizwe chumbani kupasha joto wakati wa kulala. Mkaa hutoa hewa ya kaboni monoksaidi, isiyo na rangi wala harufu, nayo huua familia nzima usingizini. Mwenye baridi aongeze blanketi na kofia, si jiko. Koroboi na mshumaa vizimwe kabla mtu mzima wa mwisho hajalala. Taa ndogo ya nguvu ya jua ni salama kuliko vyote viwili.

Kisha tazama maji. Ndoo iliyoachwa wazi, hata ikiwa na maji ya kina cha kiganja, inaweza kumzamisha mtoto aliyeingiza kichwa na kushindwa kujiinua. Chupa ya chai na sufuria ya uji viwekwe mbali na ukingo wa meza, na kitambaa cha meza kisining'inie.

Tazama vitu vya kunywewa kwa bahati mbaya: mafuta ya taa katika chupa ya soda, dawa ya kuogeshea mifugo, dawa ya kunyunyizia vitunguu, vidonge vya bibi vya shinikizo la damu. Vyote viwe juu na vifungiwe. Mwisho tazama kabati, rafu na televisheni. Mtoto anayepanda kitanda atapanda na kabati, na kabati lisilofungwa ukutani humwangukia. Msumari na kipande cha ukanda vinatosha kulizuia.

Yale tunayopaswa kuyakataa

Ipo desturi ya kumfunga mtoto kwa kanga kwenye tendegu asitembee usiku, au kumfungia chumbani kwa kufuli wakati wazazi wako nje. Naelewa inakotoka. Mzazi anayeondoka alfajiri kwenda kuchuma kahawa katika mashamba ya Oldeani hana wa kumwachia mtoto. Hata hivyo, kamba huweza kumnyonga mtoto, na kufuli la nje humfanya asiokolewe nyumba ikishika moto. Kama hakuna mtu mzima wa kubaki, ni afadhali kupatana na jirani kwa zamu kuliko kutegemea kufuli. Naye dada wa miaka saba ni msaidizi tu. Tusimpe dhamana ya mlinzi kisha tumlaumu.

Wapo watakaoniambia kwamba bibi zetu walilea bila mashauri haya, na kwamba wahenga walisema mtoto akililia wembe mpe. Nawajibu kwa heshima. Bibi zetu wengi walilala chini, juu ya ngozi na mikeka, na nyumba ilikuwa na watu wazima wengi. Tumeinua vitanda na tumepunguza watu, kisha tunashangaa watoto wanaanguka. Ama wembe, mkwaruzo mdogo humfundisha mtoto, lakini moto haufundishi kwa kadiri. Kiganja kilichoungua na kukosa mazoezi hupona kikiwa kimekunjamana, na mtoto akifika darasa la kwanza hawezi kushika kalamu.

Ajali ikitokea

Akiungua, mwondoe kwenye moto, vua nguo na bangili, mimina maji safi ya baridi ya kawaida juu ya jeraha kwa dakika 20, huku mwili uliobaki ukifunikwa asizizime. Usipake dawa ya meno, samli, yai, asali wala kinyesi cha ng'ombe. Funika kwa kitambaa safi, uende kituo cha afya.

Akianguka, mwangalie kwa saa 24. Mpeleke hospitali mara moja akizimia, akitapika zaidi ya mara moja, akipata degedege, akilegea au kusinzia kupita kawaida, akitokwa na damu au majimaji puani au masikioni, au akiwa na uvimbe laini kichwani. Akinywa mafuta ya taa, usimtapishe wala usimpe maziwa, bali mkimbize hospitali pamoja na chupa aliyonywea.

Kwa wakazi wa Nainokanoka, Kakesio au Oloirobi, neno "mara moja" lina uzito wake. Usafiri wa usiku ndani ya hifadhi si jambo jepesi, na mtu wa kijijini anaweza kusubiri mapambazuko akiwa na mtoto anayelia mikononi. Ndiyo maana kwao kinga ina thamani kubwa zaidi kuliko kwa mkazi wa jirani na hospitali.

Kwa wahudumu wenzangu

Ripoti ya pamoja ya Shirika la Afya Duniani na UNICEF ya mwaka 2008 ilieleza kwamba zaidi ya watoto 2,000 walikuwa wakifariki kila siku duniani kwa ajali ambazo hazikukusudiwa, nyingi zikiwa zinazuilika. Inafaa tukumbuke pia funzo la Bronx, mjini New York. Mwaka 1972 idara ya afya ya mji huo ilianza kuwashauri wazazi na kuwagawia vizuizi vya madirisha, kwa kuwa watoto wadogo walikuwa wakianguka kutoka ghorofani. Katika miaka michache tu maanguko hayo yalipungua kwa nusu katika eneo hilo. Wazazi wa Bronx hawakuwa wameanza kuwapenda watoto wao zaidi. Kilichobadilika ni madirisha.

Nasi tunayo nafasi iliyo tayari. Mtoto wa Tanzania huletwa kliniki akiwa na miezi 18 kwa dozi ya pili ya chanjo ya surua na rubella. Huo ndio umri hasa wa kupanda na kushuka. Tunampima uzito, tunamchanja, tunaandika kadi, tunasema "karibu tena." Napendekeza tuongeze maswali matatu tu: Mtoto analala wapi? Moto uko wapi usiku? Anaweza kushuka kitandani mwenyewe? Mazungumzo hayo hayazidi dakika mbili. Wahudumu wa afya ngazi ya jamii, wanaoingia ndani ya nyumba na kuviona vitanda kwa macho yao, wanaweza kuyafanya vizuri kuliko sisi tuliokaa mezani.

Wala hili si jambo geni kisera. Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto, iliyozinduliwa Desemba 2021, ina vipengele vitano: afya bora, lishe, malezi yenye mwitikio, ujifunzaji wa awali, na ulinzi na usalama. Vinne vya kwanza tunavitaja kila siku. Cha tano huwa tunakiachia polisi na ustawi wa jamii, kana kwamba usalama wa mtoto huanzia nje ya chumba chake cha kulala.

Yule mama wa usiku wa Julai alirudi mara moja tu kubadilisha bandeji, kisha sikumwona tena. Huenda alihamia kituo cha karibu na kwake. Huenda pia swali langu la kwanza lilimfanya aone hospitali ni mahali pa kuhukumiwa. Sina njia ya kujua, na hilo linaniuma. Tangu hapo, kila mtoto wa miezi 18 anayeketi mbele yangu, kabla sijagusa kadi yake, namuuliza mama au baba aliyemleta mtoto wao analala wapi. Wengine hucheka kwanza, kisha hunyamaza wakiwaza. Juzi baba mmoja aliinuka kabla sijamaliza, akasema anapita kwa fundi kuazima msumeno.